Namba ya NIDA, ritifaa ya Chang'ombe na saa tisa usiku: mambo madogo ya kuprogramu niliyojifunza Dar

Mleta mada ameuliza sisi tuliokaa muda mrefu kwenye kazi hii tumejifunza mambo gani madogo ambayo chuoni hayasemwi. Mkuu, yangu karibu yote yametoka kwenye data za watu wa hapa mjini.

Anza na namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa. Ina tarakimu 20, nane za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa. Anayeunda kanzidata (database) kwa mara ya kwanza anaona tarakimu tupu, anaiweka kama namba. Sasa angalia: namba kubwa kuliko zote inayoingia kwenye biti 64, nafasi ya kawaida ya kutunzia namba nzima kubwa kwenye kompyuta, ni 18,446,744,073,709,551,615. Nayo ina tarakimu 20, ila inaanza na 1844. Maana yake, yeyote aliyezaliwa kuanzia 1845 namba yake haiingii! Kanzidata makini itaikataa, na afadhali ikatae. Ninayoiogopa ni JavaScript, lugha ya kuprogramu ya kurasa za wavuti. Ikishapita 9,007,199,254,740,991 haitunzi tena kila tarakimu, inakadiria kimyakimya. Kwa ukubwa wa namba ya NIDA, namba mbili zinazopishana kwenye tarakimu tatu za mwisho tu zinaweza kugeuka kuwa moja, yaani watu wawili wakawa mtu mmoja, na hutaona ujumbe wowote wa kosa. Excel nayo hutunza tarakimu 15 tu. Tano za mwisho zinakuwa sifuri, na ukishahifadhi faili hazirudi.

Ndiyo maana kabla ya kuchagua kama safu ya kanzidata itakuwa ya namba au ya maandishi najiuliza: kuna siku nitaijumlisha hii au kuigawanya? Kama hakuna, ni maandishi. Namba ya simu hivyohivyo, maana ile 0 ya mbele italiwa. Tena isafishe mlangoni. Huyu ataanza na 07, yule ataandika +255 na kuacha nafasi katikati. Zote zigeuze ziwe 255 na tarakimu tisa kabla hazijaingia, la sivyo mteja mmoja atakuwa na akaunti tatu.

Hili la SMS nalipenda kuliko yote. SMS moja hubeba herufi na alama 160, lakini kwa zile tu zilizomo kwenye orodha ya asili ya GSM, mfumo wa simu za mkononi. Ikiingia alama moja isiyo kwenye orodha, ujumbe mzima unahamia mfumo mwingine na nafasi zinashuka hadi 70. Sasa andika mwaliko wa kikao cha wazazi Chang'ombe kwenye Word. Word hugeuza ritifaa (ile alama ya ng') iliyonyooka kuwa iliyopinda, na iliyopinda haimo kwenye orodha. Ujumbe wa herufi 150 uliokuwa SMS moja unakuwa tatu, kwa sababu ukigawanywa kila kipande hubaki na nafasi 67. Ukituma kwa wazazi 2,000 unalipia 6,000. Kiswahili chetu kimejaa ng'ombe, ng'ambo na king'ora, kwa hiyo mstari mmoja wa programu wa kunyoosha ritifaa kabla ya kutuma unaokoa hela za kweli za watu. Nashangaa haufundishwi.

Malipo ya simu: taarifa ya muamala mmoja inaweza kukufikia mara mbili. Mtandao ukikatika, kampuni ya malipo haioni jibu lako, inatuma tena, na iko sahihi. Usitegemee kutazama kwanza kama muamala upo ndipo uuandike. Taarifa mbili zikifika kwa pamoja zote zitaona haupo. Sharti la kutojirudia liweke kwenye namba ya muamala, ndani ya kanzidata yenyewe.

Halafu saa. Tunza muda kwa UTC (saa ya pamoja ya dunia), sawa, lakini ripoti usiifunge kwa UTC. Kwetu tuko saa tatu mbele mwaka mzima, hivyo siku ya UTC inakwisha saa tisa usiku ya Dar. Mauzo ya baa na bodaboda ya usiku wa manane yataangukia tarehe ya jana, na mwenye biashara atasema hesabu haziendi. Atakuwa na haki. Na kwenye fomu ya miadi usimwachie mtu aandike "saa 2" peke yake: bibi anamaanisha asubuhi watu wakiingia kazini, kompyuta inaelewa usiku wa kuamkia siku hiyo. Mpe vitufe vya kuchagua asubuhi, mchana, jioni au usiku.

La mwisho linawahusu wanaotunza muda kama sekunde zilizopita tangu mwanzo wa 1970, kwenye namba ya biti 32. Hesabu hiyo inajaa tarehe 19 Januari 2038, kwa saa zetu ni saa 12 na dakika 14 asubuhi, kisha muda unarudi hadi 1901. Usiseme ni mbali. Mkopo wa nyumba wa miaka 20 unaosainiwa leo unavuka hapo, kwa hiyo kama mfumo wako una ratiba za marejesho, ingiza tarehe ya Februari 2038 wiki hii uone unatoa nini.