Kusi likivuma: kwa anayeanza kuongoza wapiga mbizi

Anayeanza kazi hii, awe Nungwi, Unguja, au Mkoani, Pemba, akili yake yote huwa chini ya maji: samaki watakaoonekana, kina, miamba. Bahari ikichafuka, hatari kubwa iko juu. Iko pale mnaporuka, mnapotokea, na hasa mnapopanda chomboni. Kwa hiyo safari ipange kuanzia mwisho wake. Watu hawa watatokea wapi? Nani atawaona? Watapandaje? Swali moja likikosa jibu, msiruke.

Upepo kila mtu anauona, maji wengi huyasahau. Wakati wa bamvua, yaani siku za maji makubwa, tofauti ya kujaa na kupwa kwenye visiwa vyetu hukaribia mita 4. Siku moja au mbili baada ya mwezi kuandama, na vilevile baada ya mwezi mpevu, maji hupwa kabisa kwenye saa 4 asubuhi na kujaa kwenye saa 10 jioni. Akina mama wa mwani wanaijua ratiba hiyo kuliko kompyuta yoyote, waulize. Mkondo mkali zaidi ni katikati ya hapo, karibu na saa 7 mchana, ndiyo saa ambayo makundi mengi yangependa kuruka mbizi ya pili. Siku za maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo, una nafasi kubwa zaidi ya kuchagua.

Kwenye milango ya magharibi ya Pemba, yaani mapito ya bahari kati ya visiwa vidogo, kama Njao na Fundo, hili si jambo la kubahatisha. Maji yakitoka hubeba uchafu wa ndani na kuwasukuma watu kwenye bahari kuu, na yakikutana na mawimbi ya nje, bahari husimama wima pale mlangoni. Yakijaa, maji safi huingia na aliyepotea husukumwa ndani, kwenye utulivu. Ingieni mlangoni maji yakijaa, tena yakielekea mwisho wa kujaa. Msihadaike na kaskazi pia. Mkondo mkuu wa pwani yetu huelekea kaskazini mwaka mzima, hivyo upepo wa kaskazi hupigana nao na kuinua mawimbi mafupi, makali, hata siku ambayo upepo si wa kutisha.

Mwamba wa Leven, katikati ya Unguja na Pemba, hauna pa kujikinga. Usimpeleke mtu asiye mzoefu huko kwa sababu tu ameomba na amelipa. Kusi likikataa upande wa mashariki, yapo Bawe, Murogo na Pange karibu na Mji Mkongwe. Mgeni akielezwa mapema atakubali. Akielezwa akiwa ameshavaa mtungi, atakasirika.

Ndani ya boti watazame watu kabla ya vifaa. Anayeropoka kuwa anaogopa hana tatizo kubwa. Mwangalie aliyenyamaza ghafla, anayefuta miwani mara ya tatu, ambaye vidole vyake havipati kifungo cha jaketi linalojazwa hewa. Kaa naye, mwambie wazi kwamba kubaki chomboni ni ruhusa. Wenye kichefuchefu wakae katikati ya boti, karibu na tezi lakini mbali na moshi wa injini, macho yatazame upeo wa bahari. Dawa ya kichefuchefu humezwa kabla ya kuondoka, si baada ya kuanza kutapika, na isiwe mara ya kwanza mtu kuijaribu siku ya kuzama, maana nyingine huleta usingizi.

Kwenye mawimbi kundi haliwezi kuelea juu likisubiriana. Linaruka pamoja kwa hesabu na kukutana mita 5 chini. Kuruka hivyo, jaketi likiwa halina upepo, kuna mtego mmoja: mtungi uliofungwa au uliofunguliwa nusu. Mtu atazama bila hewa. Basi kila mmoja avute pumzi mara mbili kwenye regulata, kifaa cha mdomoni cha kuvutia hewa, huku akitazama geji ya hewa. Sindano ikicheza kila anapovuta, valvu haijafunguka sawasawa. Mfungulie mwenyewe, usiulize tu "sawa?" kwa mbali. Na kama masikio ya mtu huwa mazito kuzibuka, kundi zima lishuke kwa mwendo wake.

Chini, kaeni karibu na mwamba bila kuugusa. Mkondo hupungua nguvu pale. Usiogelee kuupinga. Watu 4 kwa kiongozi mmoja wanatosha siku kama hiyo, na msaidizi awe nyuma kabisa. Mtu akipotea, tafuteni dakika moja, mkizunguka na kutazama juu kuona mapovu, kisha pandeni kwa mwendo wa kawaida na mkutane juu. Lazima hili lisemwe kwenye boti, kwa sababu aliyepotea naye anapaswa kufanya hivyohivyo.

Kuhusu hewa, usiseme tu "rudini na 50", yaani bar 50 za shinikizo kwenye geji. Mtu mtulivu hutumia kama lita 20 kwa dakika akiwa juu. Mita 20 chini, shinikizo ni mara tatu, zinakuwa 60. Akiogopa au akipigana na mkondo, zinafika 120. Mtungi wa lita 11 wenye bar 50 una lita 550, kwa hiyo hewa hiyo haimalizi hata dakika 5. Sasa fikiria wawili wanaogawana mtungi mmoja, kila mmoja akivuta lita 30. Kupanda kutoka mita 20 hadi 5 kwa mita 9 kwa dakika kunataka karibu lita 225, kusimama pale dakika 3 kwa usalama lita 270, na kumalizia juu kama 40. Jumla inakaribia 540, karibu hewa yote ya bar 50. Bar 50 haibakizi akiba, bar 70 inatosha. Anzeni kupanda kabla ya hewa ya yeyote kushuka chini ya bar 70.

Boya la ishara lipelekwe juu kabla ya kusimama, na liwe la rangi ya machungwa. Tia hewa kidogo tu, maana hewa ya mita 10 huongezeka mara mbili ikifika juu. Rili, gurudumu la uzi wa boya, ishike mkononi, usiifunge mwilini. Uzi ukikwama utakuvuta juu nao. Simameni mita 6 badala ya 5, kwa sababu wimbi kubwa huyumbisha kina. Hapa ndipo risasi (vipande vya uzito) zilizopungua huonekana: kutoka bar 200 hadi 50 mtungi hupoteza karibu kilo 2 za hewa, na aliyebeba uzito mdogo atachomoka kama kizibo.

Nahodha naye ana kazi yake wakati wote mko chini. Mapovu hayaonekani kwenye mawimbi, kwa hiyo aandike saa mliyoruka na afuate mkondo. Mkondo wa maili 2 za baharini kwa saa ni karibu mita 60 kwa dakika. Kwa dakika 45 mmekwenda zaidi ya kilomita 2 na nusu. Kubalianeni naye kabla: boya likichelewa kupita saa mliyopanga, aanze kutafuta upande mkondo unakokwenda na kuita redioni.

Mkitokea, jaketi lijazwe, miwani na regulata vibaki mahali pake. Msisogee mpaka nahodha aseme propela imesimama. Atupe kamba nyuma, watu waishike, waje mmoja mmoja. Ngazi hupanda na kushuka na boti, na huvunja meno. Subiri wimbi liiteremshe, ishike, ndipo uvue mapezi. Risasi zitangulie kupelekwa juu. Aliye nyuma asikae chini ya anayepanda, maana mtungi wa alumini, hata ukiwa mtupu, una kilo 14 hivi.

Kisha ita majina, usihesabu vichwa. Kila mtu aitike kwa sauti yake, na injini isiondoke hadi jina la mwisho liitikwe.