Maswali ya Wasomaji: Nalima Tumbaku, Nalipa Ushuru, Kwa Nini Nafukuzwa Nikivuta?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mkulima wa tumbaku wilayani Kaliua, mkoani Tabora, na ni mvutaji tangu ujana wangu. Mwezi uliopita nilikuwa nasubiri basi katika ukumbi wa abiria mjini, nikawasha sigara, na kabla sijafika nusu yake mlinzi mmoja, kijana wa umri wa mwanangu wa mwisho, akaninyang'anya mbele za watu, akaikanyaga na kuniamuru nitoke nje na uchafu wangu. Sigara inauzwa dukani kihalali, inatozwa ushuru, na huenda jani lake lilikauka katika bani langu mwenyewe, yaani banda la kukaushia tumbaku. Ikiwa serikali inaitaka fedha ya tumbaku, kwa nini haiutaki moshi wake? Na sisi wavutaji tumebakiwa na haki gani?

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Barua yako nimeisoma zaidi ya mara moja, kwa sababu ndani yake mna mambo mawili yaliyofungwa katika kifurushi kimoja: jinsi ulivyotendewa, na lile ulilokuwa unalitenda. Katika la kwanza ulikosewa, na ninalisema bila kusita. Ibara ya 12 ya Katiba yetu ya mwaka 1977 inasema kwamba kila mtu anastahili heshima ya kutambuliwa na kuthaminiwa utu wake, na heshima hiyo haimtoki mtu kwa kuwa ana sigara mdomoni. Kijana yule alipaswa kukwambia, "Shikamoo mzee, humu haturuhusiwi kuvuta, tafadhali tokea mlango ule," na ninaamini ungetoka. Andika malalamiko kwa wasimamizi wa ukumbi huo, ueleze siku, saa na maneno yaliyotamkwa.

Katika la pili, mzee wangu, haki haikuwa upande wako. Sheria ya kudhibiti bidhaa za tumbaku ilitungwa hapa nchini mwaka 2003. Sheria hiyo inakataza kuvuta katika maeneo ya umma, ingawa inaruhusu kutengwa sehemu maalumu za wavutaji, na inakataza kumuuzia tumbaku mtu ambaye hajatimiza miaka 18. Mwaka 2007 Tanzania iliridhia Mkataba wa Shirika la Afya Duniani wa Kudhibiti Tumbaku, ambao ibara yake ya 8 inazitaka nchi wanachama ziwalinde watu dhidi ya moshi wa tumbaku katika sehemu za kazi zilizo ndani ya majengo, katika vyombo vya usafiri wa umma na katika majengo yanayotumiwa na watu wote. Mwaka huohuo wanachama wa mkataba walikubaliana mwongozo unaoeleza kwamba madirisha, feni na vyumba vya pembeni havitoshi kumlinda asiyevuta, kwa kuwa moshi haukai pale ulipowekewa mpaka.

Sharti hilo halikutokana na chuki dhidi ya wavutaji. Mwaka 1981 mtafiti wa Japani, Takeshi Hirayama, alichapisha matokeo ya kuwafuatilia kwa miaka mingi wanawake wasiovuta, akaonyesha kwamba wale walioolewa na wavutaji walikufa kwa saratani ya mapafu kwa kiwango kikubwa kuliko wale ambao waume zao hawakuvuta. Walipingwa, yeye na takwimu zake, na kampuni za sigara zilitumia fedha nyingi katika upinzani huo, lakini tafiti zilizofuata katika nchi nyingine zilimuunga mkono. Leo Shirika la Afya Duniani linahesabu vifo zaidi ya milioni 7 kila mwaka vinavyotokana na tumbaku, na katika hivyo zaidi ya milioni 1 ni vya watu ambao hawakuvuta wenyewe bali waliuvuta moshi wa wenzao.

Mimi nilijifunza jambo hili kwa chandarua kabla sijalisoma popote. Baba yangu alikuwa akivuta kitandani kila usiku, na chandarua chake kilikuwa cheupe kiliponunuliwa. Siku tulipokitoa kukifua, sehemu iliyokuwa juu ya mto wake ilikuwa na rangi ya chai ya rangi, na maji ya beseni la kwanza yalitoka ya kahawia, la pili ya kahawia, la tatu ya manjano. Mama yangu, ambaye hakuwahi kushika sigara maishani mwake, alilala chini ya chandarua hichohicho kwa miaka yote ya ndoa yao.

Kwa hiyo swali lako la haki ninalijibu hivi. Haki ya kununua sigara unayo, na ya kuivuta shambani kwako, uwani kwako au mahali pa wazi palipo mbali na watu unayo. Usichokuwa nacho ni haki ya kumchagulia mama aliyebeba mtoto katika ukumbi wa abiria hewa atakayoivuta, kwa kuwa yeye hawezi kuacha kupumua akisubiri basi, nawe unaweza kutoka nje dakika kumi. Ibara ya 30 ya Katiba hiyohiyo inaweka wazi kwamba haki na uhuru wa mtu mmoja havitumiwi kuingilia haki na uhuru wa wengine au maslahi ya umma.

Unauliza pia kuhusu ushuru. Hoja hii naisikia sana Tabora, na si hoja ya mzaha, kwa sababu Urambo, Kaliua, Sikonge na Uyui zimesomesha watoto kwa tumbaku tangu enzi ambazo mradi wa karanga wa Waingereza ulishindwa pale Urambo na jani likachukua nafasi yake. Lakini ushuru si ada ya ruhusa. Aliyelipa ushuru wa pombe hajanunua haki ya kuendesha basi akiwa amelewa. Ushuru wa sigara, kinyume na unavyodhani, ni mojawapo ya njia za kupunguza uvutaji, kwa maana bei ikipanda vijana wengi hawaanzi, na mkataba niliokutajia unaupendekeza katika ibara yake ya 6.

Kuna haki mbili ambazo hukuzitaja, na mimi naziona ni nzito kuliko ile ya kuvuta ukumbini. Ya kwanza ni haki ya mvutaji kusaidiwa kuacha anapotaka. Ibara ya 14 ya mkataba inazitaka nchi zitoe huduma hiyo, na naumia kuona kwamba tumekuwa wepesi wa kubandika makatazo ukutani na wazito wa kumkalisha mvutaji chini na kumshauri. Nikotini, ile kemikali iliyomo katika tumbaku, humfunga mtu asiweze kuacha kirahisi. Siku mbili au tatu za mwanzo baada ya kuacha ndizo ngumu kuliko zote, kwa hasira, kukosa usingizi na hamu isiyoisha, kisha hali hutulia polepole ndani ya majuma machache. Na nafuu ipo hata kwa aliyevuta miaka mingi: baada ya mwaka mmoja bila sigara, ile hatari ya ziada ya ugonjwa wa moyo hupungua kwa karibu nusu. Nenda kituo cha afya uombe ushauri huo kama mgonjwa mwingine yeyote anavyoomba dawa.

Ya pili ni haki yako ukiwa mkulima. Ibara ya 17 inazitaka nchi ziwasaidie wakulima na wafanyakazi wa tumbaku kupata shughuli mbadala zenye tija, na hili viongozi wako wa chama cha msingi cha ushirika wanapaswa kuulizwa mkutanoni, kwa sauti. Wewe unajua kuliko mimi kuni zinazoliwa na bani moja msimu mmoja, na umbali ambao watu wa Kaliua huenda siku hizi kuzitafuta. Pia unamjua mtu aliyechuma majani yenye umande asubuhi, akarudi nyumbani akitapika na kichwa kikimzunguka. Huo ni ugonjwa wa nikotini kupenya kwenye ngozi, na humpata hata mtoto ambaye hajawahi kuona sigara ikiwashwa. Subirini umande ukauke, vaeni mikono mirefu na glavu, na watoto wasiguse majani mabichi.

SWALI: Mimi ni mama lishe Kigoma mjini, karibu na stesheni. Nauza ugali na migebuka katika kibanda cha bati. Wateja wangu wengi ni wanaume, na wakishamaliza kula huwasha sigara palepale mezani. Nina ujauzito wa miezi mitano. Nikiwakataza watahamia kwa jirani yangu. Nifanye nini?

JIBU: Hongera kwa ujauzito, dada yangu, na pole kwa hali hiyo. Kibanda ni mahali pako pa kazi, na moshi wa sigara humfikia mtoto kupitia kwako. Moshi huo unahusishwa na watoto kuzaliwa na uzito mdogo, na hata na mimba kuharibika. Una sababu kamili ya kukataza.

Anza kwa kuondoa visahani vya majivu mezani, kwani kisahani ni mwaliko. Weka benchi nje, upande ambao upepo wa ziwa unautupa moshi mbali na mlango, na mteja akimaliza kula mwambie, "Kaka, chai yako nakuletea pale nje, upate nafasi ya kuvuta." Wanaume wengi ukiwaambia wewe ni mjamzito watatoka kabla hujamaliza sentensi. Kuhusu jirani, usishindane naye. Nenda kazungumzeni, wewe na mama lishe wote wa eneo hilo, muwe na utaratibu mmoja. Hofu yako ni ileile waliyokuwa nayo wenye baa wa Ireland mwezi Machi mwaka 2004, nchi hiyo ilipokuwa ya kwanza duniani kuzuia uvutaji katika sehemu zote za kazi zilizo ndani ya majengo, na kilichowasaidia ni kwamba kanuni iliwashika wote kwa pamoja, hivyo mteja hakuwa na pa kuhamia. Jirani zetu wa Uganda kwa sheria yao ya mwaka 2015 walikwenda mbali zaidi, wakakataza kuvuta hata nje, ndani ya mita 50 kutoka mahali pa umma.

Nikuongezee moja ambalo hukuuliza: moshi wa jiko nao unadhuru. Lisogeze jiko karibu na uwazi, au mwombe fundi akutobolee bati upande wa juu.

SWALI: Nafanya kazi ya utunzaji ghala mjini Tabora. Mwajiri ametangaza kwamba kuanzia mwezi ujao yeyote anayevuta sigara, hata kama anavutia nyumbani kwake, ataachishwa kazi. Je, ana haki hiyo?

JIBU: Ndani ya ghala na kuzunguka ghala, anayo, na kama mnahifadhi bidhaa zinazoshika moto anawajibika kukataza. Kuhusu nyumbani kwako, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza ubaguzi kwa misingi kama dini, kabila, jinsia, ujauzito na ulemavu, na uvutaji haumo katika orodha hiyo, kwa hiyo usijenge hoja yako juu ya ubaguzi. Ijenge juu ya sharti jingine la sheria hiyohiyo, kwamba mwajiri hawezi kumwachisha mtu kazi bila sababu halali na bila kufuata utaratibu wa haki. Kwa maoni yangu, sigara iliyovutwa uani kwako jioni, isiyoathiri kazi yako, ni sababu dhaifu.

Omba tangazo hilo kwa maandishi na ulihifadhi. Kama mna chama cha wafanyakazi, kipelekee nakala kabla mwezi haujaisha. Ukiachishwa, peleka shauri lako Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayoshughulikia migogoro ya kazi, ndani ya siku 30, na siku hizo huhesabiwa tangu ulipoachishwa kazi, si tangu ulipopata mtu wa kukushauri.