Kikohozi cha mama na dawa ya presha

SWALI: Assalaam alaikum, Bi Mfamasia. Mamangu ana miaka 63, tunakaa Likoni. Tangu aanzishiwe enalaprili na dawa ya kukojosha, ana kikohozi kikavu usiku kucha. Jirani amemwambia dawa inamla mapafu, naye ameiacha. Magoti yakimuuma hununua diklofenaki. Tufanyeje?
Binti wa Likoni

JIBU: Wa alaikum salaam, mwanangu. Mapafu ya mama hayaliwi. Mwilini mna kimeng'enya kinachotengeneza kemikali ya kubana mishipa ya damu. Enalaprili hukizuia, mishipa ikalegea na presha ikashuka. Lakini kimeng'enya hichohicho ndicho huvunja kemikali nyingine iitwayo bradikinini, na hiyo isipovunjwa hurundikana ikawasha koo. Ndiyo maana dawa za maji za kifua hazisaidii kitu. Mpeleke kliniki kesho, akiwa na pakiti zake zote, aombe kubadilishiwa. Wengi hupewa losatani, ambayo haikigusi kimeng'enya hicho. Kikohozi kwa kawaida huisha ndani ya wiki chache, ingawa kwa wengine huchukua hadi miezi 3. Apimwe pia kifua kikuu, tusikisie. Kukaa bila dawa yoyote silikubali hata kidogo: presha hupanda kimya, na wengi huijua siku ya kiharusi.

Kinachonitia hofu zaidi ni hiyo diklofenaki. Mjini kwetu watu huinunua kama peremende, na muuzaji haulizi mteja anatumia dawa gani nyingine. Huufanya mwili ushikilie chumvi na maji, presha ikapanda tena. Pia hupunguza damu inayoingia kwenye figo, wakati enalaprili imeshapunguza msukumo wa kuchuja na dawa ya kukojosha imeshapunguza maji mwilini. Zikikutana zote 3, figo zinaweza kugoma, hasa akiharisha au joto la Januari likimkausha. Losatani nayo haiondoi hatari hiyo, na ibuprofeni ni yaleyale. Kwa magoti atumie parasetamoli ya miligramu 500, visizidi vidonge 8 kwa siku.

Aombe pia kipimo cha damu cha figo na potasiamu. Madafu yana potasiamu nyingi, na enalaprili na losatani huizuia isitoke, kwa hiyo asiyanywe kila siku kabla ya majibu.

Mdomo, uso au ulimi ukimvimba, msisubiri kivuko cha kwenda kisiwani Mombasa. Mkimbizeni hospitali ya hapohapo Likoni.