Kodi ya mauzo Houston: kwa nini bei ya kwenye rafu si ya kulipa

Dada, pole. Unasema ulilipa zaidi ya bei uliyoiona kwenye rafu, lakini keshia hakukuibia. Tofauti na nyumbani, ambako VAT imeshaingizwa kwenye bei ya rafuni, Texas kodi huongezwa ukifika kulipa. Jimbo linachukua asilimia 6.25, mji 1 na usafiri wa umma 1. Jumla 8.25.

Ila haitozwi kila kitu, na hapo ndipo wengi tunapokosea hesabu. Mchele, unga, maziwa, mboga, nyama mbichi na dawa havina kodi. Nepi za watoto nazo zilisamehewa tangu Septemba 2023. Soda, peremende, sabuni na chakula kilichopikwa tayari vinatozwa.

Tuseme umechukua mchele wa dola 12, maziwa 4, sabuni 10 na soda 6. Kodi inahesabiwa kwenye 16 za sabuni na soda tu: 16 × 0.0825 = 1.32. Utalipa 33.32. Ukiwa dukani bila kikokotoo, gawanya vile vinavyotozwa kwa 12, utakaribia kabisa.

Nguo na viatu vya shule vya chini ya dola 100 subiri wikiendi ya Agosti isiyo na kodi, tafadhali. Kwa watoto watatu utaokoa pesa ya maana.