Nimefeli mtihani wa leseni mara mbili na kazi naijua

SWALI: Dada, habari za siku. Niko Marekani, nina masta ya ustawi wa jamii na huu ni mwaka wa sita nafanya kazi na familia, wageni ofisini wanaletwa kwangu niwafundishe. Lakini mtihani wa leseni nimefeli mara mbili, mara ya mwisho nimepungukiwa maswali 4 tu, yaani 4! Nasoma kila usiku watoto wakishalala, hatua nane za Erikson za ukuaji wa mtu nakutajia hata ukiniamsha usingizini. Siku 90 za kusubiri kabla ya kurudia mtihani zinakaribia kuisha na kitabu naogopa hata kukifungua. Nifanyeje safari hii?

JIBU: Pole sana mdogo wangu. Mi mwenyewe wa kwanza nilifeli, nikalia kwenye gari nusu saa nzima, kwa hiyo sikuhubirii.

Ila kwenye barua yako umesema kazi unaijua, na mi nadhani hapo hapo ndo unapoangukia. Ule mtihani haukuulizi ofisini kwenu mnafanyaje, unakuuliza mtu ambaye hana taarifa nyingine yoyote zaidi ya yale maneno ya kwenye swali angeanza na lipi. Wewe ukisoma swali unamwona mteja wako wa juzi, unamjazia historia, unamjazia daktari, unamjazia na mama mkwe, halafu unajibu swali ambalo hawajauliza.

Chukua mfano huu nimeutunga mwenyewe. Mzee wa miaka 76 kaletwa na binti yake, wiki mbili sasa anachanganyikiwa, halali, hataki kula, binti anasema baba ana sonona tangu mama afariki mwaka jana. Ufanye nini kwanza? A, uanze tiba ya sonona. B, umpe binti msaada kwa mzigo wa kulea. C, umpeleke mzee akapimwe na daktari. D, umtafutie kikundi cha wafiwa. Wewe najua mkono unaenda A au D kwa sababu umeona msiba na roho imeshaguswa. Jibu ni C. Msiba una mwaka, kuchanganyikiwa kuna wiki mbili, na kwa mzee hata maambukizi ya njia ya mkojo au dawa mpya vinaweza kumvuruga akili ghafla. "Lakini kwetu wanapimwa kabla hawajafika kwangu." Sawa, ila kwenye swali hajapimwa, na ambacho hakijaandikwa hakipo.

Ndo maana yale maneno FIRST (kwanza), NEXT (kinachofuata) na BEST (bora zaidi) uyazungushie duara kichwani kabla hujasoma majibu. FIRST mara nyingi majibu yote manne ni mazuri, wanataka mpangilio tu: usalama wa mtu kwanza, halafu mwili, halafu umsikilize na uchunguze hali yake, kutenda kunakuja baadaye. Mtoto ana alama za kupigwa, shaka yenye msingi inatosha kuripoti, kutafuta ushahidi siyo kazi yako. Na jibu lolote linalokuambia umshauri mteja cha kufanya liangalie kwa jicho baya. Sisi tumezoea mtu akija na shida anaondoka na ushauri, kule mteja ndo anaamua, na hilo limo kwenye maadili ya NASW, chama cha wafanyakazi wa ustawi wa jamii Marekani, ambayo nakuomba uyasome yenyewe taratibu badala ya muhtasari wa mtu.

Hesabu nazo zikupunguzie presha kidogo. Kwa miaka mingi umekuwa mtihani wa maswali 170 kwa saa nne, 150 ndo yanahesabiwa na 20 wanayajaribu tu, na kupita kumekuwa kupata kati ya kama 90 na 107 kutegemea ugumu wa toleo. Ila ASWB, wale wanaotunga mtihani, wanabadilishaga mambo, hakikisha kwenye mwongozo wao mpya. Kwa hesabu hiyo ni kama sekunde 84 kwa swali, na kubahatisha hakukatwi maksi, usiache hata moja wazi.

Kama Kiingereza ni lugha yako ya pili, uliza bodi ya jimbo lako kuhusu muda wa nyongeza. Majimbo mengine yanaruhusu, ila lazima ukubaliwe KABLA hujachukua tarehe, ukishachukua umechelewa. Mi nililijua hilo baada ya kufeli, hakuna aliyeniambia hata kwenye lile darasa nililolipia.

Na Erikson mwache apumzike. Fanya maswali 20 kwa siku, si 100, kila ulilokosa andika kwa mkono sentensi moja: niliongeza nini ambacho hakikuwepo? Mi daftari langu lilijaa "nilimwonea huruma", kurasa mbili nzima.

SWALI: Kuna mtu ananiuzia maswali anasema yametoka kwenye mtihani wenyewe, ninunue?

JIBU: Hapana. Unasaini kabla ya kuanza kwamba maswali ni siri, wakikukamata matokeo yanaweza kufutwa na leseni uikose kwa kosa la maadili, tena kwenye mtihani unaopima na maadili. ASWB wanauza mtihani wa mazoezi wa kwao, hiyo hela weka huko, ufanye wiki mbili kabla, kwa mkao mmoja, simu iwe chumba kingine.