Mtoto anayechezea tonge

Wiki zilizopita niligusia habari ya binti aliyeletwa ofisini kwangu hapa Mtwara akidhaniwa ana mimba kwa kuwa hedhi ilikatika, kumbe alikuwa hali chakula: anajinyima kula, ugonjwa uitwao anoreksia. Tangu siku hiyo simu yangu haijapumzika. Nimechagua maswali machache, majina nimeyaacha.

Shikamoo mama. Nimemaliza kidato cha sita, niko Masasi. Nataka kusomea ustawi wa jamii niwatibu wanaojinyima kula kama unavyofanya wewe. Kazi hiyo ipo kweli?

Marahaba mwanangu. Kazi ipo, cheo ndicho hakipo. Ukienda Taasisi ya Ustawi wa Jamii pale Kijitonyama, Dar es Salaam, iliyoanzishwa kwa sheria ya 1973, utatoka ni ofisa ustawi, na ukibahatika halmashauri itakuajiri. Asubuhi utakuwa na mama anayedai matunzo ya mtoto, mchana mzee aliyetelekezwa, jioni mtoto aliyeokotwa stendi. Hakuna mlango ulioandikwa "wasiokula". Hao huingia kwa mlango wa uani: kaandikiwa dawa za vidonda vya tumbo mara tatu, au kaanguka paredi na mwalimu akapiga simu. Mimi nilijifunza kwa kusoma mwenyewe na kwa kukaa karibu na muuguzi wa afya ya akili aliyenivumilia.

Ila usije ukidhani wewe ndiye mtibu. Daktari anautazama mwili, chakula kinalishwa nyumbani. Kazi yako ni kuwakalisha hao wanaolisha mpaka wawe na kauli moja, na hilo ni gumu kuliko linavyosikika.

Binti yangu ana miaka 15. Tunakula sinia moja, mkono wake unakwenda na kurudi, lakini mifupa ya mabega unaihesabu. Anasema ameshiba. Tumepima kila kitu. Nifanyeje? (Mama, Mikindani)

Pole sana dada. Niliwahi kuomba nile na familia yenye shida kama yako. Wali wa nazi na mchuzi wa pweza, watu saba. Sikumtazama binti usoni, nilitazama mkono tu. Alifinyanga tonge, akalichovya, akalizungusha ukingoni, akalivunja, akafinyanga upya. Mdogo wake alipomaliza upande wake, yeye alikuwa amepeleka mdomoni punje za kuhesabika. Sinia ni baraka, ila linaficha mengi.

Anza na hospitali, na useme wazi kwamba mtoto hali, usiseme tu "amekonda". Kama anazimia, mapigo ya moyo yako chini au amepitisha siku nyingi bila kula cha maana, usianze kumjaza wali nyumbani. Mwili uliozoea njaa ukipewa chakula kingi kwa ghafla, madini ya fosfeti na potasiamu hushuka kwenye damu, na moyo unaweza kusimama. Daktari ndiye aseme mnaanza na kiasi gani.

Akishawaruhusu, zamu ni yenu. Tiba ya familia ninayoifuata chimbuko lake ni hospitali ya Maudsley, London. Mwaka 1987 watafiti Gerald Russell, Ivan Eisler na wenzao walionesha kwamba kwa walioanza kujinyima chakula wakiwa bado wadogo, na ugonjwa haujafika miaka 3, kuitibu familia pamoja kulisaidia kuliko kumweka mgonjwa peke yake na mshauri. Kwanza wazazi wanakishika chakula chote: mnapakua nyinyi, mnakaa naye mpaka amalize, milo mitatu na vitafunwa katikati, shule isubiri ikibidi. Uzito ukirudi mnamwachia kidogokidogo: leo ajipakulie chai na muhogo, wiki ijayo ale shuleni bila mlinzi. Mwisho ndipo mnazungumza mambo ya umri wake. Hesabu miezi 6 hadi mwaka.

Mpakulie sahani yake mwenyewe. Najua kwetu kumtoa mtu kwenye sinia ni kama kumfukuza. Yule mama wa pweza alilitatua kwa namna ambayo sikuisoma kitabuni: nyumba nzima wakahamia kwenye sahani, hadi bibi, kwa miezi minne. Bibi alinung'unika mwezi wote wa kwanza.

Na lile neno "kula hata kidogo" lifute kabisa. Kikao cha pili huwa naagiza familia ije na chakula. Mama mmoja alifungua hotpoti, akabembeleza, "Kula hata kidogo mwanangu." Binti akala kidogo. Alitii! Nikamwambia mama aseme "tonge moja lingine", kisha anyamaze na asiinuke. Dakika arobaini. Chakula kilipoa, alasiri ikaadhiniwa, machozi yakatoka pande zote mbili, tonge likaingia.

Mimi ndiye mjomba, na kwetu mtoto ni wa upande wa mama, neno langu ndilo la mwisho. Dada yangu kamdekeza huyu mpwa wangu. Wengine wanasema ana jini. Kosa la nani? (Newala)

Karibu sana mjomba, nakuhitaji kuliko unavyodhani. Vitabu vya tiba hii vinasema "wazazi" kana kwamba ni baba na mama tu. Huku nikiwakalisha wawili hao peke yao, tunayokubaliana asubuhi yanaanguka jioni kwa neno lako. Kwa hiyo njoo kikaoni, na uje bila hilo la kudekeza. Hatutafuti mkosaji. Mama anayejiona kamharibu mtoto huogopa kukaza, na asipokaza hakuna tiba.

Kuhusu jini sibishani na mtu. Tiba yenyewe inamtenga mtoto na ugonjwa: akitupa sahani na kutukana, huyo si mpwa wako anayesema, ni ugonjwa. Wazee wetu huelewa hilo haraka kuliko wasomi wa mjini. Tofauti ni kwamba jini humpa kazi mganga, ugonjwa huu unawapa kazi nyinyi. Mkitaka kisomo, someni. Ila atakayeagiza mtoto afunge au anywe dawa ya kutapika, mkatalieni hapohapo.

Mdogo wangu hali, lakini anapika kila siku, tena vizuri, na simu yake imejaa video za mapishi. Si anajifanya? (Kaka, Lindi)

Hajifanyi. Mwaka 1944 na 1945, kule Minnesota, Marekani, mtafiti Ancel Keys aliwapunguzia chakula vijana 36 wenye afya waliojitolea, kwa miezi sita. Hawakuwa na ugonjwa wowote wa kujinyima, lakini wakawa hawana mazungumzo mengine ila chakula, wengine wakakusanya vitabu vya mapishi, wakawa wakali na wakajitenga. Njaa ndiyo inayofanya hivyo. Mpeni likizo ya jikoni kwa sasa, wewe pika. Wali ukiungua, ataula hivyohivyo pamoja na nyinyi.

Si maradhi ya Wazungu haya?

Jina la anoreksia nervosa alilitoa daktari wa London, William Gull, miaka ya 1870, kwa hiyo kitabu ni cha kwao. Wagonjwa ni wa kila mahali. Mimi nawaona hapa Chikongola na Shangani.

Ramadhani inakuja. Binti yuko kwenye tiba na anasisitiza kufunga. Tumzuie ibada?

Mgonjwa ana ruhusa, ipo kwenye Qur'ani. Mwiteni shehe amwambie mwenyewe, maana nikisema mimi anaona nawasaidia nyinyi. Nina mmoja aliyefunga Ramadhani, akaunganisha na funga sita za Shawwal, akaendelea na funga za Jumatatu na Alhamisi, na mtaa mzima ukamsifu kwa ucha Mungu.

Umewahi kushindwa?

Ndiyo. Ilikuwa Oktoba, korosho zimeanza kudondoka, baba akasema hana nafasi ya vikao mpaka msimu uishe. Nikamkubalia, nikaendelea na mama peke yake. Mama akisema "mpaka amalize", baba akirudi usiku anasema "mwacheni mtoto alale". Wiki ya tano binti alihamishiwa kwa shangazi mkoa mwingine, nami sikuambiwa. Nilimkuta mama sokoni, akashika njia nyingine.

Siku hizi msimu ukianza nafuata familia shambani. Baba anaokota korosho, nami naokota, kikao kinafanyika chini ya mkorosho. Saa nne chai na mihogo ikiletwa, binti anakaa katikati yetu.