Klachi Haina Rejeta

Ninawaandikia ninyi mnaoanza mashindano mwaka huu, iwe autokrosi ya klabu (mbio fupi za kupimwa muda kwenye uwanja) au rali, mkiwa na gari la gia za mkono na klachi ya kukanyaga. Nimekuwa fundi wa timu ndogo kwa miaka kumi na tatu. Nikikumbuka usiku niliolala chini ya gari kuteremsha gia boksi ili dereva aweze kuanza asubuhi, mara nyingi chanzo kilikuwa mguu wa kushoto, wala si klachi dhaifu.

Injini mnajua kuipoza: ina maji, ina feni, ina geji inayowaonyesha hali yake. Klachi haina hata kimoja kati ya hivyo. Imefungiwa ndani ya kasha lake kati ya injini na gia boksi, na geji yake ni pua yako. Nayo pua huchelewa. Ukisikia ile harufu, ujue uso wa diski, ile sahani ya msuguano inayopeleka nguvu ya injini kwenye gia boksi, umeshaanza kuungua.

Joto huzaliwa pale tu diski na flaiwili, gurudumu zito la chuma linalozungushwa na injini, zinapozunguka kwa kasi tofauti. Klachi iliyoshika sawasawa haichomeki hata ukikanyaga mafuta kutwa. Chukua gari la kilo 1,300. Ukiondoka huku umeshikilia injini kwenye mzunguko uleule na kuachia klachi polepole mpaka gari lifike kilomita 40 kwa saa, joto linaloingia kwenye klachi ni kama kilojuli 80. Hilo linatosha kuchukua robo lita ya maji ya bomba, kikombe kizima cha chai, na kuyafikisha karibu na kuchemka. Limeingia kwa sekunde mbili tu, lakini kutoka kwake ni kazi ya dakika nyingi. Ondoka mara kumi mfululizo, umechemsha birika. Ndiyo maana siku ya autokrosi, hasa madereva wawili wakitumia gari moja, mimi huhesabu gari limeondoka mara ngapi. Kilomita sizihesabu. Yakibaki mapumziko mafupi kati ya dereva wa kwanza na wa pili, naomba tusogezwe nyuma kwenye foleni.

Gari linapoondoka kwa nguvu, lazima kitu kiteleze: matairi au klachi. Ukiwa na gari linalovuta kwa magurudumu mawili, na uko juu ya moramu, achia klachi haraka. Matairi yatazunguka kidogo na joto litaishia kwenye vumbi. Lakini Subaru Impreza au Lancer Evolution juu ya lami au udongo mkavu uliogandamana ni habari nyingine. Magurudumu yote manne yanashika, hayakubali kuteleza, kwa hiyo mzigo wote unarudi kwenye klachi. Ukiachia ghafla unavunja gia au ekseli, ukichelewesha unaunguza diski. Wanaoanza huwa nawaambia washushe mzunguko wa injini kuliko moyo unavyotaka, waachie kwa mwendo mmoja wa kama sekunde moja, halafu mguu uondoke kabisa kwenye pedali. Utapoteza nusu sekunde pale mwanzoni. Steji, yaani kipande cha njia mnachopimwa muda, ina kona nyingi za kuirudisha hiyo nusu sekunde, na klachi ni moja.

Pale kwenye mstari wa kuanzia, kaa nyutro mpaka zibaki sekunde kumi hivi. Nawaona wageni wengi wameingiza gia ya kwanza dakika nzima kabla, wamekanyaga pedali, mguu unatetemeka, na kila ukitetemeka diski inaguswa kidogo. Kama mstari uko mlimani, shikilia gari kwa breki ya mkono, usilishikilie kwa klachi hata kidogo. Na ndani ya steji, tengenezeeni mguu wa kushoto mahali pa kukaa, kipande cha bati kilichochomelewa pembeni mwa pedali kinatosha, kwa sababu mguu usio na pa kukaa utakaa juu ya klachi.

Walioifuata Safari Rally tangu irudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021 wameona magari ya timu kubwa yakihangaika kwenye vumbi laini kama unga kule Kedong, Naivasha, lile linaloitwa fesh-fesh. Sisi wadogo tunalikuta vumbi la namna hiyo pia, au tope, na hapo ndipo klachi nyingi hufia. Dereva anakwama, anaingiza ya kwanza, anaingiza rivasi, anaachia klachi nusu, anaongeza mafuta, anarudia. Nimeona klachi mpya ikimalizwa namna hiyo kwa muda usiofika dakika mbili. Ukikwama, achia klachi mpaka mwisho, matairi yazunguke au yavute. Yasipovuta mara mbili tatu, zima tamaa, shukeni mchimbe, waiteni watu wasukume.

Ukimaliza steji na unahisi klachi ina joto, usizime injini papo hapo. Weka nyutro, mguu nje, injini ingurume taratibu, maana presha pleti, sahani ya chuma inayobana diski kwenye flaiwili, ikizunguka husukuma hewa ndani ya kasha kama feni. Kuendesha polepole barabarani kwenda servisi ni bora zaidi, kwa sababu upepo unapita pia chini ya gari.

Upande wa vyuma nina machache. Flaiwili nzito humeza joto zaidi kabla haijapanda hatari, kwa hiyo ile nyepesi inayosifiwa madukani siipendi kwa anayejifunza: haina pa kuweka joto, na injini inazimika upesi hata anajikuta anatelezesha klachi zaidi. Presha pleti huteseka kuliko flaiwili kwa sababu chuma chake kwa kawaida ni chembamba. Tukifungua na kukuta madoa ya buluu, tunajua uso ulifika kama nyuzi 300. Wengine hutoboa kasha ili hewa ipite. Inasaidia, mradi hewa iingie karibu na katikati na itokee ukingoni, kwa kuwa kitu kinachozunguka huitupa hewa nje. Lakini kwa vumbi letu tundu bila wavu ni njia ya kuingiza mchanga kwenye diski, na ukivuka mto linaingiza maji. Mimi huanza kwanza na sili ya nyuma ya krankshafti, inayozuia oili ya injini isivujie kwenye klachi. Tone la oili kwenye diski huharibu kila tulichojadili hapa.

Msisahau mafuta ya klachi, ambayo ndiyo yaleyale ya breki. Aina ya DOT 4 ikiwa mpya haichemki kabla ya nyuzi 230, lakini ikishanyonya unyevu inaweza kuchemkia nyuzi 155, na silinda iliyo jirani na klachi ya moto inafika huko. Pedali inalainika, inagusa sakafu, gia hazitoki, na dereva anadhani gia boksi imekufa. Sisi tunayabadilisha kabla ya kila mashindano.

Jambo la mwisho nililijifunza kwa hasara. Gari letu lilimaliza raundi zote nane za siku bila shida. Jioni, likiwa bado la moto, tukalipandisha kwenye trela kwa kurudi nyuma, kidogo kidogo, klachi nusu, juu ya mbao zenye mwinuko mkali. Moshi ulitoka kabla matairi ya mbele hayajapanda. Tangu siku hiyo trela letu lina winchi ya mkono, na gari la moto halipandi kwa injini yake.